Dabo besi za siku hizi: plaiwudi inatosha, pesa ipeleke kwenye briji

Wakuu, kila mtu akiuliza anunue dabo besi gani, ile ya sauti nzito iliyo kama fidla kubwa ya kusimamishwa sakafuni, anajibiwa majina ya viwanda tu, mara Shen, mara Eastman, mara usipochukua ya Mjerumani umepotea, na hakuna anayemuuliza anapigia wapi, anapiga kwa vidole au kwa upinde, na hiyo besi itakaa kwenye chumba gani. Mimi napiga taarab, harusi, na jazi kidogo hotelini, naishi Unguja karibu kabisa na bahari, kwa hiyo maoni yangu ni ya mtu wa kwenye unyevu. Na msimamo wangu ni huu: chukua besi ya plaiwudi ya kiwanda kinachojiheshimu, halafu hela utakayookoa itie kwenye nyuzi na kwenye briji, yaani kile kipande cha mbao kinachosimama juu ya uso wa besi kubeba nyuzi.

Aina ziko tatu. Kuna plaiwudi tupu, kuna haibridi ambayo uso wa mbele ni mbao ya sprusi iliyochongwa na mgongo na mbavu ni plaiwudi, halafu kuna ya kuchonga yote. Hii ya mwisho sauti yake ni nene na pana, sibishani na mtu hapo, ukiivuta kwa upinde unaisikia mpaka kifuani. Lakini mbao nzima inakunywa unyevu, masika inavimba, kiangazi inasinyaa, na gundi inayoungia vyombo hivi ni ile ya ngozi za wanyama ambayo joto na maji vinailegeza, tena ni kwa makusudi, ili fundi akitaka kufungua chombo asikivunje. Sasa itoe hiyo besi Unguja uipeleke Ulaya wakati wa baridi ambako hita zinakausha hewa ndani ya nyumba, uso unaweza kupasuka. Plaiwudi inavumilia zaidi kwa sababu tabaka zake zimelazwa zikipishana, moja ikitaka kutanuka nyingine inaizuia.

Na wanaodharau plaiwudi naomba wakumbuke Kay za Chicago, zile zilizoanza kutengenezwa miaka ya 1930. Ni plaiwudi zile, na zimebeba jazi na bluegrass ya Marekani miaka na miaka, mpaka leo watu wanazitafuta kwa udi na uvumba.

Haya, viwanda. Kwa hela ya kawaida mimi naona Shen na Eastman, wote kutoka China, ndio wanaotoa thamani nzuri kuliko wengine wote wa bei yao. Shen SB80 ni plaiwudi, SB150 ni haibridi, SB200 ni ya kuchonga, kwa hiyo ukijua namba unajua unanunua nini, na mi napenda kiwanda kinachomrahisishia mnunuzi hivyo. SB80 inajibu haraka ukiikwanyua, noti inatoka na mwanzo wake unaosikika, haivumi tu kama ngoma ya mbali, na kwenye taarab hicho ndicho tunachokihitaji maana juu yako kuna kanuni, udi, akodiani na safu nzima ya fidla, besi isipokuwa na ncha inamezwa. Eastman VB80 iko karibu naye sana, mimi naiona laini kidogo zaidi, mwenye kupenda upinde pengine ataifurahia kuliko mimi. Huko Marekani plaiwudi mpya za daraja hili zinauzwa dola elfu mbili na kitu mpaka elfu tatu na kitu kutegemea duka na kazi ya fundi iliyofanywa, hapo hujaweka usafiri wala ushuru, na usafiri wa hiki chombo ni mzigo kweli kweli.

Ukipanda juu kuna Upton Bass wa Connecticut, na kuna New Standard, mradi ulioanzishwa na fundi Arnold Schnitzer wa New York, ambaye besi yake iitwayo Cleveland ameifuata American Standard, besi ya zamani iliyotengenezwa mji huo wa Cleveland. Nazihusudu sana hizi. Schnitzer pia amefanya shingo ya kuchomoka, kwa mpigaji anayepanda ndege hiyo peke yake ni sababu ya kulipa zaidi. Lakini kwa mwanafunzi, au kikundi kinachochangishana, siwezi kusema nunueni Cleveland, bei yake ni mbali mno na hizo za China na ukumbini kwenye spika za harusi ile tofauti watu hawataisikia.

Sasa kuna zile zisizo na jina, unaziona mtandaoni kwa bei ya kufurahisha, zinakuja na upinde, mfuko na kila kitu. Kuna rafiki aliniletea moja niiangalie. Ubao wa vidole umepakwa rangi nyeusi tu, si eboni, mbao laini ambayo nyuzi za chuma zilishaanza kuichimba mifereji. Briji haikuwa imekatwa kabisa, wamechukua ile bapa nene kama ilivyotoka kwa muuzaji wakaisimamisha, miguu inagusa kingo tu na katikati unapitisha kadi ya simu. Nyuzi ziko juu kiasi kwamba yule kijana vidole vilikuwa na malengelenge na akadhani yeye ndiye hajui. Inauma kwa kweli, mtu anaacha chombo kwa sababu ya kipande cha mbao ambacho hakikumaliziwa.

Ndiyo maana nataka nikae hapa kwenye briji, maana ndipo pesa inaposikika.

Nyuzi nne za besi zikiwa zimekazwa zinavuta jumla ya zaidi ya kilo mia, na sehemu ya nguvu hiyo inashuka kwenye miguu miwili ya briji kukandamiza uso wa besi. Chini ya mguu wa upande wa uzi wa E, ule mnene kuliko zote, kuna ule mti mrefu uliogundishwa ndani, na upande wa G, uzi mwembamba kuliko zote, nyuma kidogo ya mguu, kuna kijiti kimesimama kutoka uso mpaka mgongo, hakina gundi, kinashikwa na mgandamizo tu. Kwa hiyo tafadhali usivue nyuzi zote kwa mpigo, kijiti kitaanguka na hapo utamtafuta fundi. Badilisha uzi mmoja mmoja.

Miguu ya briji inatakiwa ilale juu ya uso wa besi bila mwanya hata wa karatasi, maana kila besi ina mwinuko wake na briji ya besi moja haikai kwenye nyingine hata kama ni modeli ileile, kwa hiyo ukisikia mtu anakuuzia briji tayari ya kupachika tu jua bado haijaisha. Mbao yake ni ya mti wa mepo (maple). Mafundi wengi wanaanza na vipande vya Aubert au Despiau, Wafaransa wote wawili, vimekauka vizuri na nyuzi za mbao zimenyooka, halafu wanapunguza unene, maana briji nene inaziba sauti na nyembamba mno inapinda.

Ajasta je? Kwa mtu wa pwani nasema weka, usifikirie mara mbili. Ni skrubu zinazoingizwa kwenye miguu ya briji baada ya kuikata, zina gurudumu la kuzungusha, la alumini au mbao ngumu. Unyevu ukiingia uso wa besi unapanda na nyuzi zinapanda nao, kiangazi zinashuka mpaka zinakwaruza ubao, na bila ajasta ungehitaji briji mbili, ya masika na ya kiangazi. Wapo wanaosema ajasta zinaiba sauti. Labda kwenye besi ya kuchonga ya orkestra, kwa upinde, ukumbi kimya, wana hoja. Kwenye plaiwudi mimi sisikii hasara yoyote inayolingana na faida yake. Legeza nyuzi kidogo kwanza, zungusha pande zote mbili sawasawa, pima mwisho wa ubao wa vidole: kwa anayekwanyua, milimita 6 hivi kwenye G na 9 kwenye E ni pa kuanzia, baadaye utajua mkono wako unataka nini.

Halafu iangalie ubavuni mara kwa mara. Ukityuni, nyuzi zinauvuta ukingo wa juu wa briji kuelekea shingoni kidogo kidogo, na ukiacha hivyo miezi briji inapinda au siku moja inaanguka na kutoboa uso. Upande unaotazama mkia, kile kipande cha chini nyuzi zinapofungwa, unatakiwa usimame wima. Paka risasi ya penseli kwenye vile vimfereji vya nyuzi, zitateleza badala ya kuburuta.

Huko Marekani briji mpya yenye ajasta na kazi ya fundi inakwenda dola mia tatu na kuendelea. Wengi wanaona ghali, mimi naona hiyo ndiyo pesa iliyofanya kazi kubwa kuliko yote, hasa ukijumlisha na nyuzi nzuri. Spirocore za Thomastik wa Vienna zinadumu sana na noti inakaa, ni za kukwanyua, kwa upinde zinakwaruza. Mwenye kuchanganya achukue Helicore Hybrid za D'Addario. Seti ni dola mia mbili hivi au zaidi, kwa hiyo zifute jasho ukimaliza kupiga, chumvi ya bahari haina huruma na chuma.

Na kwa sababu harusi zetu hazipigwi bila spika, pikapu, yaani kinasa sauti cha besi cha kupeleka kwenye spika, nayo inakaa hapohapo kwenye briji. Fishman Full Circle ni gurudumu la ajasta lenyewe, unatoa moja la kawaida unaweka lile, kwa hiyo mwenye ajasta ameshakamilisha nusu ya kazi. Realist ya David Gage inalala chini ya mguu wa briji, sauti yake ni ya mbao zaidi na giza zaidi, kwenye kumbi zenye kelele naona inarudisha mvumo kirahisi. Kwa taarab nachukua Full Circle.

Nikipewa bajeti ya kikundi leo, hesabu yangu ni SB80 au VB80, ikiwezekana kutoka duka ambalo fundi wao anakata briji kabla ya kusafirisha na kukutumia picha za miguu yake kwa karibu, seti ya Spirocore, ajasta za alumini, na mfuko mnene. Haibridi ningeifikiria kwa mtu wa Arusha au Nairobi mwenye chumba kisichobadilika hali sana. Ukipata iliyotumika, kabla ya kuuliza bei chungulia mahali shingo inapoingia mwilini kama kuna ufa, gonga mbavu kwa kifundo cha kidole usikilize tabaka zilizoachana, maana briji unaweza kubadilisha, shingo iliyovunjika inaweza kula zaidi ya thamani ya besi yote.