Nimelala Rothenburg msimu wa soko la Krismasi, linafaa nauli yako?

Haya wapendwa, habari zenu, leo mezani hakuna simu wala blenda, leo nawachambulia safari. Wengi mko huku Ulaya na Desemba mnapokea wageni kutoka nyumbani, mnaniuliza lile soko la Krismasi la Rothenburg kule Ujerumani linafaa nauli au ni uzuri wa picha tu. Mimi nimeenda mara mbili, mara ya kwanza nikaenda na kurudi siku hiyohiyo, safari hii nikalala, na nawaambia ni kama nimeenda miji miwili tofauti.

Rothenburg ob der Tauber ni kamji kadogo jimbo la Bavaria, watu kama elfu 11 hivi, umezungukwa na ukuta wa zamani na ndani vichochoro vya mawe na nyumba zimebanana, yani kama umezoea Mji Mkongwe Unguja unaijua ile raha ya kupotea na hutaki mtu akuonyeshe njia. Soko lao linaitwa Reiterlesmarkt, lipo tangu karne ya 15. Jina limetoka kwa Reiterle, mpanda farasi ambaye watu wa zamani waliamini anapita angani msimu wa baridi akiwa na roho za waliokufa, alikuwa anaogopwa kwelikweli, siku hizi ndo anakuja na farasi wake kufungua soko na watoto wanamfurahia. Hicho kitu nimekipenda mno, mji haujamtupa mtu wake wa hadithi.

Tuje kwenye kula. Schneeball ni kama ngumi ya mtu mzima, unga unakatwa vipande virefu vyembamba kama utepe, unakunjwa unakuwa mpira, unakaangwa alafu sukari ya unga juu. Mliokulia visheti ladha mtaitambua, ila hii ni kavu zaidi. Chukua ya sukari tu, ya chokoleti inafunika ladha ya unga, na usiing'ate nzima, iminye ukiwa umeiacha kwenye mfuko wake wa karatasi mpaka usikie inavunjika kruu, ndo ule kipande kimoja kimoja, la sivyo sukari yote inahamia kwenye koti. Divai ya moto kule ukiomba nyeupe ipo, sio nyekundu tu kama masoko mengi, ina karafuu na mdalasini na ukishika kile kikombe vidole vinafufuka. Msiokunywa pombe ombeni Kinderpunsch, ni juisi ya moto yenye viungo. Soseji nyingi ni za nguruwe, asiyekula aulize kwanza. Na kikombe unakiwekea dhamana, wanaita Pfand, ukikirudisha unapewa hela yako, waambieni wageni mapema wasije wakadhani wamezidishiwa bei.

Sasa penye shida ni mchana. Wikendi mabasi ya watalii yanashusha watu tangu asubuhi, pale kwenye uwanja mkuu unasukumwa tu, huoni kibanda unaona migongo ya watu, na saa ya mji ikigonga wote wanainua simu juu kutazama vile vidirisha viwili vinavyofunguka, kwenye kimoja anatokea jenerali Tilly, kwenye kingine meya Nusch anakunywa divai. Hadithi inasema mwaka 1631 jenerali huyo aliuteka mji, na meya akamaliza lita 3 na robo za divai kwa mkupuo mmoja ili auache mji salama. Ukiwa na watoto wadogo, saa hizo msibanane hapo, pandeni juu ya ukuta.

Kule ukutani ni bure, una njia yake yenye paa, na mimi ndo niliposimama muda mrefu kuliko pote. Tarehe 31 Machi 1945 mji ulipigwa mabomu, upande wa mashariki ukateketea, na baada ya vita watu wa nchi mbalimbali wakachangia kuujenga ukuta upya. Majina yao yapo kwenye vibao vya mawe, chini ya jina imeandikwa mtu kachangia mita ngapi, mwingine mita moja tu. Nilikuwa napitisha kidole kibao kimoja baada ya kingine, chini nasikia tarumbeta zinapiga nyimbo za Krismasi.

Jioni ndo penyewe. Saa kumi na moja giza limeshaingia, mabasi yanaondoka, taa zinabaki na wenyeji wanatoka kunywa na majirani zao, muuzaji ana muda wa kuongea na wewe, harufu ya kuni, mawe yamelowa yanang'aa. Hapo ndo nikaelewa watu wanafuata nini kule. Lile duka la Käthe Wohlfahrt la mapambo ni zuri ila lipo mwaka mzima, usilipotezee saa zako za jioni.

Vaa kiatu chenye soli nene. Treni unabadilisha stesheni ya Steinach, toka pale ni kama robo saa. Na kubwa kuliko yote, soko linaanza kuelekea Jumapili ya kwanza ya Majilio, yani Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, na linafungwa tarehe 23 Desemba, ukija Krismasi yenyewe hukuti kibanda. Chumba tafuta mapema, nenda katikati ya wiki, na tiketi ya kurudi kata ya kesho yake.