Programu za kuendesha taa za nyumbani: ipi inafaa Dar, ambako umeme hukatika na bando huisha?

Usiku mmoja, saa tisa, umeme ulirudi kwetu Tabata baada ya giza la tangu saa mbili. Haukurudi kistaarabu. Uliwaka, ukazima, ukawaka, ukazima tena, ukawaka, ndipo ukatulia. Nilikuwa na globu tano za waifai za kampuni ambayo sitaitaja, na zote tano zikaanza kupepesa kama taa za gari la polisi, chumbani kwa mtoto ikiwemo. Mtoto akaamka analia. Mke wangu akaniuliza, kwa ile sauti ya chini inayotisha kuliko kelele, kama hizi ndizo taa za kisasa nilizokuwa nazisifia.

Nilikuja kuelewa baadaye. Globu ya waifai haina kitufe. Ukitaka isahau kila kitu na iunganishwe upya, unaizima na kuiwasha kwenye swichi mara tatu au zaidi mfululizo, kisha inaanza kupepesa kukujulisha kwamba inasubiri simu. Sasa, globu haina namna ya kujua kama aliyezima na kuwasha ni wewe au ni umeme wenyewe unaochezacheza. Asubuhi yake nilipanda kiti mara tano kuziunganisha moja moja, na shati la kazini nimeshavaa.

Tangu hapo nikiulizwa ninunue taa gani, najibu kwa kuuliza mambo matatu. Umeme ukirudi usiku, taa inafanya nini? Bando likiisha, simu bado itaiwasha? Na bibi aliyekuja kutoka kijijini, au dada wa kazi, ataiwashaje? Zile rangi milioni 16 zilizoandikwa kwenye boksi utazichezea wiki ya kwanza, halafu utarudi kwenye nyeupe kama sisi wote.

Na uchague programu kwanza, globu baadaye. Kariakoo wanakuuzia kinyume: "Bosi, hii ya waifai, unacheza nayo kwenye simu tu." Programu gani, hasemi. Ukinunua leo hii, kesho ile, utajikuta na programu nne kwenye simu, kila chumba na yake, na kila moja inataka akaunti na nywila.

Namba moja: eWeLink

Hii ndiyo programu inayoendesha vifaa vya Sonoff kutoka Shenzhen, China. Naiweka juu kwa sababu inakuruhusu kuachana kabisa na globu za waifai. Unachonunua ni kiboksi kidogo, Sonoff Mini, kinachofichwa nyuma ya swichi au juu ya dari karibu na taa. Taa yenyewe inabaki globu ya kawaida, ile ya duka la Mangi. Ikiungua unamtuma mtoto anunue nyingine na maisha yanaendelea.

Swichi ya ukutani nayo inabaki na kazi yake. Hapa ndipo globu za waifai zinapotuangusha wengi: mtu akizima ukutani, globu inakosa umeme, na kwenye simu unaona imeandikwa haipatikani. Ndani ya wiki moja utakuwa umebandika karatasi juu ya kila swichi, "USIZIME", na wageni watazima. Kwa Sonoff Mini, bibi anabonyeza swichi kama alivyobonyeza miaka yote, wewe unabonyeza simu, na taa inawatii wote wawili.

Ndani ya programu unachagua taa iweje umeme unaporudi: iwake, izime, au ibaki ilivyokuwa. Chagua izime ukalale. Umeme ukirukaruka, kiboksi hakijisahau, maana hakiwekwi upya kwa kukatiwa umeme. Na ukiwa kwenye waifai ileile, programu inaweza kukiendesha moja kwa moja bila kupita intaneti. Bando limekwisha, lakini rauta inawaka? Taa inawaka.

Kikwazo ni waya. Kiboksi hiki kinahitaji laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha. Katika nyumba zetu nyingi kilichoshuka kwenye swichi ni laivu tu inayokwenda na kurudi; nyutro imeishia juu kwenye taa. Kwa hiyo fundi akifungua swichi, akatikisa kichwa na kusema hakuna nyutro, anasema kweli. Mwambie akifunge juu ya dari, kwenye maungio ya taa, ambako kwa kawaida nyaya zote zinakutana. Akisema haiwezekani bila hata kupanda kuangalia, tafuta fundi mwingine. Lipo pia toleo lisilohitaji nyutro, ZBMINI-L2, lakini hilo linatumia Zigbee, mawasiliano ya redio yasiyo ya waifai, na itabidi ununue na kifaa cha kati cha kuliunganisha.

Kama umepanga, na mwenye nyumba ni wa aina ya kuhesabu hata misumari uliyopigilia, ruka moja kwa moja namba mbili.

Namba mbili: Smart Life

Bila shaka ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Ni ya Tuya, kampuni iliyoanzishwa Hangzhou mwaka 2014, ambayo huwauzia watengenezaji wengi teknolojia, kila mmoja akabandika jina lake kwenye boksi. Ndiyo maana globu kumi za majina kumi zinaweza kuingia kwenye programu moja. Tuya Smart ni pacha wake. Usihangaike kuchagua kati ya hizo mbili.

Kuna kitu kimoja humo ambacho wauzaji hawakwambii, na kwangu mimi peke yake kinatosha kuipandisha. Fungua mipangilio ya globu, tafuta maneno Do Not Disturb. Maelezo yake yanasema wazi kwamba ni kwa maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara. Utadhani aliyeyaandika aliwahi kupanga Mbagala. Ukiwasha kipengele hicho, taa uliyoizima kwa simu inabaki imezimwa umeme unaporudi. Ukitaka iwake kwa swichi, unaiwasha mara mbili mfululizo. Si kila globu inacho, na hilo ndilo la kuangalia dukani kabla hujatoa hela.

Udhaifu wake ni kutegemea seva za mbali. Amri yako mara nyingi inatoka sebuleni, inavuka bahari, inarudi sebuleni. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima, ndipo mtu anajua taa yake inaishi wapi.

Kuhusu LUKU, kwa kuwa watu huuliza: globu ya waifai iliyozimwa kwa simu bado inakula kidogo, maana inasubiri amri. Tuseme nusu wati. Kwa mwezi ni uniti 0.36. Globu kumi ni uniti 3.6. Si za kulilia, ila si sifuri, na anayekwambia taa hizi zinaokoa umeme anasahau kuitaja hiyo.

Namba tatu: Tapo

Ya TP-Link, walewale wa rauta. Kama kwenu hakuna ruhusa ya kugusa nyaya na unataka globu mbili tatu tu zisizo na longolongo, hii ni nyepesi kutumia kuliko Smart Life, na haikujazii kioo kwa matangazo ya vitu vingine vya kununua. Simu na globu zikiwa kwenye waifai moja, zinaelewana hata intaneti ikiwa haipo. Globu yao ya nyeupe inapatikana kwa holda zote mbili: L510E ni ya kuzungusha, L510B ni ya pini. Angalia holda zako kabla hujatoka nyumbani, maana nyumba zetu zina mchanganyiko. Kwangu sebule ni ya pini, choo ni cha kuzungusha, na sijui fundi wa kwanza alikuwa anawaza nini.

Nimeishusha hadi namba tatu kwa sababu globu zake nazo huwekwa upya kwa swichi, zima washa mara kadhaa. Mtaa ambao umeme haurukiruki, ipandishe nafasi moja juu.

Namba nne: Philips Hue

Hapa nitapingwa. Hue imekuwepo tangu 2012, na kwa maswali yangu mawili ya kwanza hakuna anayeishinda: umeme ukirudi, unachagua mwenyewe taa ifanye nini, globu haijisahau umeme ukichezacheza, na kifaa chake cha kati cha kawaida, kinachochomekwa kwenye rauta kwa waya na kubeba hadi globu 50, kinaendesha kila kitu humohumo ndani bila kuuliza intaneti. Kwa asiye na waifai kabisa ipo njia ya Bluetooth, globu hadi 10, simu na taa basi.

Lakini kwa bei ya globu moja ya rangi ya Hue unanunua za Tuya kadhaa, kifaa cha kati ni hela nyingine, na moja ikiharibika huipati kirahisi. Utakuwa unamsubiri mtu anayetoka Dubai. Na swali la tatu bado linaigonga: bibi akizima ukutani, imezimika. Swichi zao zisizo na waya zinatatua hilo, kwa hela nyingine tena. Mwenye nyumba Masaki na bajeti isiyomuumiza kichwa, anunue asitazame nyuma.

Namba tano: Mi Home

Ya Xiaomi. Taa nzuri, kasoro moja. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la China haviungi mpaka kwenye programu uchague kwamba uko China bara, na ukishachagua hivyo, vile ulivyounga ukiwa umechagua nchi nyingine huvioni. Mzigo mwingi wa Kariakoo unatoka Guangzhou. Umeshaona shida ilipo.

Google Home, Alexa na programu ya Apple sijazipanga kwa sababu zenyewe hazileti taa. Zinakaa juu ya hizi nilizotaja na kuziunganisha. Zina faida kama una vifaa vya kampuni mbalimbali, ila spika zake hazijui Kiswahili, na ukiita chumba "Sebuleni" utakuwa unabishana nayo kila jioni. Alama ya Matter, iliyoanza mwaka 2022, ukiiona kwenye boksi ni nyongeza nzuri, kwani kifaa hicho hakijafungwa kwa programu moja. Na kwa mwenye kupenda kuhangaika kuna Home Assistant, programu ya bure, unaiweka kwenye kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi na taa zako hazimtegemei mtu yeyote nje ya geti. Mimi ninayo. Imeshakula Jumamosi zangu nyingi, na sikushauri kama una watoto wadogo.

Wakati wa kufunga

Taa hizi karibu zote zinashika waifai ya 2.4 GHz tu. Rauta ikiwa inatoa 5 GHz peke yake, globu haitaiona hata ufanyeje. Kwenye iPhone mpya, ukitaka hotspoti iwe ya 2.4, washa Maximize Compatibility. Kwenye Android programu itakuomba ruhusa ya kujua mahali ulipo. Ipe wakati wa kuunga, maana bila hiyo haiwezi kutafuta waifai iliyo karibu, ukimaliza unaweza kuinyang'anya. Kuunga taa kwa hotspoti ya simu yako kunawezekana, ila ukitoka na simu kwenda Mwenge umetoka na waifai ya nyumba nzima.

Ukibadili mtandao na kuleta rauta mpya, ipe jina lilelile na nywila ileile ya zamani. Globu zitaingia zenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nililijua hili baada ya kupanda kiti kwa mara ya pili.

Na akaunti iwe yako. Fundi mzuri tu, mwenye haraka zake, huunga taa kwa simu yake ili aone zinawaka, akakuonyesha, mkapeana mkono, akaondoka. Taa hizo ni zake. Jirani yetu wa Kinyerezi alikaa miezi miwili anampigia fundi amwongezee ratiba ya taa za nje, kama mtu anayeomba kuwashiwa maji. Mwambie fundi aunge kwa simu yako, ukiwa umesimama hapo hapo, kisha wewe ndiye uwaalike mama watoto na wengine kwenye nyumba hiyo ndani ya programu.

Dukani, usikubali kuonyeshwa taa ikibadili rangi tu. Washa hotspoti, iunge pale pale kwa simu yako, ingia kwenye mipangilio utafute kile kipengele cha umeme unaporudi. Kiweke. Zima taa kwa simu, halafu mwombe muuzaji achomoe ekstensheni, ahesabu hadi kumi, aichomeke tena. Ikiwaka nyeupe yote kumulika duka zima, irudishe kwenye boksi, mwambie asante, nenda duka linalofuata.