Stroberi za Malwina katika bustani ya nyumbani Leicester: uzoefu wangu na mbegu inayochelewa kuiva

Anayetaka kupanda stroberi nyumbani huku Uingereza aghalabu huishia kununua aina iitwayo Elsanta, kwa kuwa ndiyo iliyozagaa katika maduka ya bustani, naye huichuma kuanzia katikati ya Juni hadi siku za mwanzo za Julai, yaani majuma yaleyale ambayo stroberi zimefurika sokoni na bei yake imeshuka. Mimi nilitaka za baada ya hapo. Shule za hapa Leicester hufungwa Julai, na ndugu zetu wa Moshi hupenda kututembelea wakati huo kwa sababu ndipo watoto wapo nyumbani. Kumtembeza mgeni bustanini na kumwonyesha majani matupu ni jambo lisilopendeza hata kidogo. Ndiyo maana niliagiza miche ya Malwina, na kwa kuwa nimekwisha kuivuna misimu kadhaa, naona ninaweza kuieleza kwa haki. Ni mbegu nzuri sana kwa mtu mwenye sababu ya kutaka kuchelewa, na ni usumbufu mtupu kwa asiye nayo.

Malwina ilizalishwa Ujerumani na Peter Stoppel, na katika zile aina zinazozaa mkupuo mmoja kwa mwaka ni miongoni mwa zinazochelewa zaidi kuiva. Kwangu tunda la kwanza hupatikana Elsanta za jirani zikiwa ukingoni, na mavuno huendelea hadi Julai inakwisha, mara nyingine yakigusa Agosti. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon, ambako watu hula stroberi kwa krimu kana kwamba ni sharti la kuingilia uwanjani, huwa yanakaribia fainali ndipo mimi naanza kuchuma. Kabla ya kuamua niliilinganisha na Florence, iliyotoka katika kituo cha utafiti cha East Malling kule Kent, ambayo nayo huchelewa lakini si kwa kiasi hicho. Niliilinganisha pia na Albion ya California, ambayo haijali urefu wa mchana na huendelea kutoa maua hadi baridi iizime. Albion ninayo bado katika vyungu. Tunda lake ni refu, gumu na tamu, ila huja matatu leo na mawili kesho kutwa, na kwa nyumba yenye watoto hiyo ni njia ya hakika ya kuanzisha ugomvi. Anayetaka kujaza bakuli kwa mara moja, na abakize za kupika jamu, atafute inayozaa kwa mkupuo.

Miche niliiagiza kwa posta kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja, kwa bei isiyofika pauni 2 kwa mche. Ilifika majira ya kuchipua ikiwa haina udongo wowote, mizizi yake imefungwa kwa karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, kwani miche ya namna hii hung'olewa wakati wa baridi ikiwa imelala na kuhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri mpaka siku ya kusafirishwa. Mtu akiifungua mara ya kwanza anaweza kuapa kwamba ameuziwa takataka: ni nyuzinyuzi za kahawia zilizoshikana kwenye kinundu kigumu, na juu ya kinundu hicho, ukitazama kwa makini, kuna ncha ya kijani isiyozidi punje ya mchele. Ncha hiyo ndiyo mche wenyewe. Niliiloweka katika ndoo ya maji kwa muda wa saa moja, nikatandaza mizizi kwenye shimo, nikahakikisha kinundu kimekaa sawasawa na uso wa udongo, kwa sababu kikifukiwa huoza na kikiachwa juu mizizi hukauka. Michache ilikuwa imeanza kuoza ndani ya mfuko. Muuzaji alirudisha fedha bila ubishi, ingawa ilibidi nimtumie picha mara mbili.

Karatasi iliyokuja na miche ilisema kwamba ningevuna baada ya siku 60. Kwa miche iliyohifadhiwa kwenye ubaridi jambo hilo kwa jumla ni kweli, lakini Malwina ilitoa vishada vichache tu vya maua mwaka huo wa kwanza, nami nikavikata ili nguvu iende kwenye mizizi. Mavuno ya kuitwa mavuno yalikuja mwaka uliofuata. Anayeanza leo ningemshauri apande mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba badala ya majira ya kuchipua, kwa kuwa stroberi za aina hii huumba machipukizi ya maua wakati wa vuli, mchana unapofupika na joto linaposhuka, na mche uliokwisha kushika ardhi kabla ya hapo utazaa vizuri Julai inayofuata.

Udongo wetu ni wa mfinyanzi mzito, unatuamisha maji wakati wa baridi na kupasuka wakati wa joto, hivyo nilitengeneza tuta la mbao lenye kimo cha sentimita 25, nikalijaza udongo uliochanganywa na mboji na samadi iliyooza. Stroberi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5, na hazipendi kufuata mahali palipolimwa viazi au nyanya kwa sababu ya ugonjwa wa mnyauko unaobaki ardhini. Kuhusu nafasi, msisikilize paketi zinazosema sentimita 30. Malwina ni mti mnene, majani yake ni makubwa na mengi, na nilipoipa sentimita 45 hadi 50 kati ya mche na mche bado ilifunga tuta lote kufikia Juni.

Faida yake kubwa, ambayo sikuona muuzaji akiitilia mkazo, iko mwezi Mei. Katika eneo hili la katikati ya Uingereza sakitu, yaani baridi ya usiku inayogandisha umande, inaweza kuanguka hata wiki ya pili ya Mei, na stroberi za mapema hukutwa zimechanua. Ua lililopigwa na sakitu hubaki na petali nyeupe nzuri kabisa, lakini ukiliinamia utaona kitovu chake kimekuwa cheusi, na hapo hakuna tunda tena. Jirani yangu, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala na kuletwa huku mwaka 1972 familia yao ilipofukuzwa Uganda, hutoka jioni na mashuka ya zamani kufunika stroberi zake. Tunazungumza Kiswahili, kila mmoja upande wake wa uzio. Huniuliza, "Ndugu yangu, zako hufuniki?" nami humjibu, "Zangu bado zimelala, mzee." Malwina huanza kuchanua wakati hatari hiyo kwa kawaida imepita, na mimi sijawahi kuifunika.

Tunda lenyewe ni jekundu la kukoza, karibu na rangi ya damu ya mzee, linang'aa, na ukilikata ni jekundu hadi katikati, tofauti na zile za dukani zenye moyo mweupe. Rangi hiyo huwachanganya watu. Mama mkwe alipokuja aliishika moja, akaigeuza, akasema, "Mwanangu, hizi si zimeshapitiliza?" Nilimwomba aionje tu, na baada ya hapo sikumsikia tena, alikuwa ameinama tutani. Kanuni ninayoifuata ni kwamba wekundu mwangavu wa kawaida, ule ambao kwa Elsanta ungekuwa dalili ya kuiva, kwa Malwina ni dalili ya kuingoja siku mbili zaidi. Ikichumwa mapema ina uchachu na harufu yake bado haijafunguka. Ikikoza, harufu hujaza jiko zima. Kasoro ni kwamba ikishafikia hapo haivumilii kubanwa wala kukaa, kwa hiyo huiweka katika sahani pana kwa safu moja, na katika friji hazivuki siku mbili bila kulegea. Kwa jamu haina mpinzani, kwa sababu rangi haipauki jikoni, ila stroberi zote zina kiasi kidogo cha pektini, kile kinachoifanya jamu igande, na lazima uongeze maji ya limau. Jamu hiyo kwa maandazi ya asubuhi imenifanya niache kabisa kununua ya dukani.

Sasa nieleze gharama ya kuchelewa, maana ipo. Stroberi za Juni huiva wakati wadudu bado ni wachache na jua halijawa kali. Za Julai hukutana na kila kitu. Mwaka 2022, tarehe 19 Julai, Coningsby katika mkoa wa Lincolnshire, si mbali sana na hapa, ilifikia nyuzi 40.3, kiwango ambacho Uingereza haikuwahi kukirekodi kabla. Siku hiyo matunda yangu yaliyokuwa wazi upande wa kusini yaliungua upande mmoja yakawa laini na kupauka, wakati yaliyofunikwa na majani yalibaki mazima. Tangu hapo sipunguzi majani kabla ya kuvuna, na siku za joto kali hutandika chandarua chepesi juu ya fito kupunguza jua. Maji humwagiwa asubuhi kwenye udongo, kamwe si juu ya matunda, kwa sababu unene wa majani ya Malwina hufungia unyevu ndani na kuita ukungu wa kijivu, ule ugonjwa unaoozesha matunda. Matandazo ya mabua ya ngano chini ya vishada ni ya lazima kwa sababu hiyohiyo.

Adui anayenisumbua zaidi ni nzi mdogo wa matunda anayeitwa Drosophila suzukii, asili yake Asia ya Mashariki, ambaye alionekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Nzi wa kawaida wa matunda hufuata yaliyooza, lakini huyu jike ana kifaa chenye meno ya msumeno cha kutagia, hutoboa ngozi ya tunda zima linaloiva na kuacha mayai ndani. Idadi yake hupanda kadiri majira ya joto yanavyosonga, kwa hiyo anayevuna Juni huponea chupuchupu na anayevuna mwishoni mwa Julai humkuta mezani. Dawa sitaki kupuliza kwenye tunda ambalo mtoto analila akiwa amesimama. Ninachofanya ni kuchuma kila siku moja kwa moja bila kuruka, kuokota yote yaliyoanguka na kuyafunga katika mfuko badala ya kuyatupa kwenye mboji, na kuyaingiza yaliyochumwa kwenye friji mara moja. Wadudu wadogo sana waitwao thripsi nao hupenda siku kavu za Julai, na tunda waliloshambulia huwa na ngozi ya rangi ya shaba, kavu, isiyong'aa. Linalika, lakini halipendezi.

Konokono wasio na nyumba mgongoni hupenda kivuli kile kile ninachokisifu. Vidonge vya kuwaulia vya metaldehaidi vilipigwa marufuku kutumika nje hapa tangu mwaka 2022, na vile vya fosfeti ya chuma vinavyoruhusiwa vilinisaidia kwa kiasi. Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni nematodi, minyoo wasioonekana kwa macho ambao huuzwa kama unga wa kuchanganywa na maji na kumwagiwa udongoni ukishapata joto la zaidi ya nyuzi 5. Bei yake si ndogo na nguvu yake hudumu kama wiki sita, hivyo mimi huwatumia mwishoni mwa Mei ili wanilinde hadi matunda yaanze kuiva. Ndege ni jambo jepesi: wavu uliokazwa vizuri hadi chini, basi.

Baada ya mavuno kuna kazi moja ambayo kwa mbegu ya kuchelewa haina subira. Desturi ni kukata majani ya zamani yakabaki sentimita kama 10 juu ya kinundu, kuondoa mabua na kuacha mti uchipue upya. Mwenye Elsanta ana sehemu kubwa ya Julai na Agosti yote ya kufanya hivyo. Mwenye Malwina anamaliza kuchuma Agosti inaanza, na Septemba machipukizi ya mwakani yanaanza kuumbika, kwa hiyo mti unahitaji majani mapya haraka. Mimi hukata juma lilelile la kuchuma la mwisho, kisha humwagilia mbolea ya maji inayouzwa kwa ajili ya nyanya, ile yenye potasiamu nyingi. Vikonyo vinavyotambaa huvikata vyote isipokuwa vya miti mizuri zaidi, ambavyo huvibana kwenye vyungu ili nipate miche bila kununua, maana tuta likifikia mwaka wa nne matunda huanza kudogoka.

Muuzaji aliandika kwamba mavuno yangefika mwisho wa Agosti. Kwangu hayajawahi, na sidhani kwamba katika eneo hili yangeweza, labda kaskazini kule Scotland ambako majira yenyewe huchelewa. Anayetaka stroberi za Septemba anunue Albion au nyingine ya aina yake na akubali kuzipata kidogokidogo. Aliye na vyungu viwili tu kwenye roshani pia namshauri aiache Malwina, ni kubwa mno kwake. Lakini mwenye tuta la ukubwa wa mita 3 kwa 1, jua la nusu siku na mdomo zaidi ya mmoja wa kulisha likizo ya shule, aagize sasa ili miche ifike kabla ya Septemba, na achague muuzaji anayesema wazi iwapo miche yake imethibitishwa kuwa haina magonjwa.