Kitabu kilichowaacha wafungwa wa Guantánamo na namba zao

Nilikinunua kitabu hiki miezi kadhaa iliyopita kwa hamu kubwa, kwa kuwa ni nadra kupata kazi inayoeleza kwa kina maisha ya watu waliozuiliwa katika gereza la kijeshi la Marekani huko Guantánamo Bay, nchini Kuba. Nilipofika ukurasa wa 30 hivi nilikifunga kwa hasira. Mwandishi hawataji wafungwa kwa majina. Namba fulani alilia usiku kucha, namba fulani aligoma kula, namba fulani alirudishwa kwao. Askari walinzi, kwa upande wao, wana majina, wana wake na wana miji walikozaliwa, na mmoja anasimuliwa mpaka aina ya muziki aliokuwa akiusikiliza katika zamu ya usiku.

Ningevumilia kama majina hayo yangekuwa siri. Serikali ya Marekani iliyaficha kwa miaka minne na ushei tangu watu 20 wa kwanza waliposhushwa pale tarehe 11 Januari 2002, lakini mwaka 2006, baada ya shirika la habari la Associated Press kwenda mahakamani, Wizara ya Ulinzi ililazimika kuyatoa. Majina yalipatikana kwa kudaiwa mbele ya jaji, halafu anakuja mwandishi, tena anayejinadi kuwa mtetezi wa watu hawa, anawanyang'anya upya. Kesi kubwa zilizofika Mahakama ya Juu ya Marekani zinaitwa kwa majina ya wafungwa wenyewe: Rasul ya 2004, Hamdan ya 2006, Boumediene ya 2008. Uamuzi huo wa 2008, uliothibitisha haki yao ya kuhoji kuzuiliwa kwao mbele ya mahakama za kiraia, umepewa kurasa sita nzima humu, na Lakhdar Boumediene hajaitwa lolote ila namba.

Niliwaandikia wachapishaji barua ya adabu. Walinijibu kwa mistari miwili kwamba majina ya Kiarabu yanafanana mno na humchosha msomaji wa kawaida. Sijui msomaji huyo ni nani, anayeweza kutofautisha tarakimu tatu na tarakimu nyingine tatu lakini akashindwa na Abdullah na Abdulrahman, majina ambayo sisi wasomaji wa Kiswahili tumeitana tangu tukiwa watoto. Siku hiyo niliazimia kutoa nyota moja, nayo kwa sababu haikuwezekana kutoa sifuri.

Hata hivyo, ni lazima niseme kweli kuhusu sura ya mgomo wa kula wa 2013, ambao zaidi ya wafungwa 100 kati ya 166 walijiunga nao. Hapo mwandishi hana haraka. Anamfuata mtu mmoja anayefungwa kwenye kiti kwa mikanda ya mikono, miguu na kichwa, mpira mwembamba ukisukumwa puani hadi tumboni, machozi yakimtoka bila yeye kulia, kisha lishe ya maji ikishuka polepole huku muuguzi akitazama saa. Niliisoma mara mbili. Mara ya pili nikaanza kujiuliza kama namba zile hazikuwekwa kwa makusudi, ili nami nionje kuitwa hivyo, na nikakaribia kumwomba mwandishi radhi. Nikarudi kwenye dibaji, na mle amesema waziwazi kwamba ametumia namba ili kurahisisha usomaji. Radhi nikaifuta.

Kisha nikafika kwa Mkenya aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007, akashikiliwa Guantánamo kwa takriban miaka 17 bila kufunguliwa shtaka lolote, na kurudishwa Kenya mwishoni mwa 2024. Amepewa aya moja, na katika aya hiyo ni namba tu. Nilichukua penseli nikaandika pembeni: Mohammed Abdul Malik. Tangu hapo ndivyo ninavyokisoma, orodha ya wafungwa ikiwa upande mmoja na kitabu upande wa pili, na kuna kurasa ambazo pambizo zake zimejaa kuliko maandishi yenyewe.

Sasa nasema nyota tatu kwa ajili ya sura ile moja, ingawa nikiikumbuka ile barua ya mistari miwili narudi kwenye mbili. Rafiki yangu ameniomba nimwazime kitabu hiki. Nimemwambia asubiri nimalize penseli.