Taa ya nyuma ya baiskeli yenye modi tano: taa ni kali, kijitabu chake ndo kinaniudhi

Wale mnaoendesha baiskeli usiku hii inawahusu. Ni ile taa nyekundu ya nyuma ya kuchaji kwa USB, inafungwa kwenye nguzo ya siti kwa mpira mnene na haitelezi hata barabara ikiwa mashimo matupu. Mvua imeinyeshea sana, maji hayajaingia. Lenzi imezunguka mpaka ubavuni, kwahiyo hata gari linalochomoza pembeni kwenye makutano linakuona, na hilo kwangu ni jambo kubwa maana taa nyingi zinaonekana kwa aliyeko nyuma tu.

Sasa tuje kwenye modi. Mbili zinawaka moja kwa moja, tatu ni za kuwaka na kuzima, halafu kijitabu kinakwambia tu ufuate sheria za nchi yako, basi, kimemaliza. Sheria zipi? Mkataba wa Vienna wa 1968, ule wa kimataifa wa usafiri wa barabarani, unataka baiskeli iwe na breki, kengele, riflekta nyekundu nyuma (kile kinachorudisha mwanga wa taa za gari) na taa nyekundu nyuma, ila mengine kila nchi imejipangia yake. Ujerumani taa ya baiskeli ya kuwaka na kuzima hairuhusiwi, Uingereza imeruhusiwa tangu 2005 mradi imulike mara 60 hadi 240 kwa dakika. Kwahiyo taa ni hiyohiyo, kitufe ni hichohicho, huku halali kule kosa, na kwenye boksi hawajaandika inamulika mara ngapi! Nimeihesabu kwa saa ya simu, modi ya polepole inamulika kama mara moja kwa sekunde, yaani iko palepale mpakani kwenye 60, na ile ya haraka haihesabiki kwa macho kabisa. Mtu wa kawaida atajuaje kama yuko ndani ya sheria?

Kingine, haina riflekta ndani yake na kuna nchi zinadai vyote viwili, taa na riflekta. Mbaya zaidi ukiifunga pale kwenye nguzo ya siti inaziba riflekta iliyokuja na baiskeli, mimi ilibidi niihamishie riflekta kwenye madigadi. Marekani mkanganyiko ndo huohuo, kanuni za taifa zinataka baiskeli mpya iuzwe na riflekta, taa hazitajwi, halafu sheria za majimbo zinakudai taa ukiendesha usiku, mtu anatoka dukani anajua baiskeli yake imekamilika kumbe bado.

Kuna na klipu ya kuining'iniza kwenye begi. Hiyo achana nayo, sheria nyingi zinaongelea taa iliyofungwa kwenye baiskeli yenyewe, na ukiinama kushika usukani begi linalala na taa inamulika mbinguni, dereva wa nyuma haoni kitu.

Ushauri wangu nunua, ila usiku tumia modi ya kuwaka moja kwa moja, dereva anakadiria vizuri uko umbali gani na sijui nchi ambayo utakamatwa kwa hiyo. Za kuwaka na kuzima acha mpaka usome sheria ya unakoendesha, na soma sheria yenyewe, usiishie kusikia kwa wenzako.

Nyota nne. Ya tano nawapa siku wakichapa kwenye boksi kila modi inamulika mara ngapi kwa dakika.