Rangi za Kutazamia Uyoga kwa Hadubini: Uanze na Ipi?

Kabla ya rangi yoyote, nunua wembe mpya. Kipande kinene hakiokolewi na rangi. Kikate chembamba hadi mwanga upite, kisha ukitazame kwanza kwenye maji matupu, maana humo ndimo spora, yaani vijimbegu vya uyoga, huonyesha rangi yake ya asili. Uyoga mkavu unahitaji tone la hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 3 hadi 5 ili uvimbe tena. Hiyo weka kapuni, usiihesabu kama rangi.

Ya kwanza kwangu ni nyekundu ya Kongo, chupani huandikwa Congo Red, iliyoyeyushwa kwenye amonia. Hung'ang'ania kuta za seli. Niliitia kwenye kipande cha uyoga wa kichuguu: nyuzi nilizokuwa nazibabaikia kama ukungu zikajitenga moja moja, na besidia, yaani seli zinazozaa spora, zikaonekana na vijipembe vyake vinne vya kubebea spora. Nunua ya unga. Gramu 1 kwa mililita 100 inatosha, na kila slaidi hula tone moja tu, kwa hiyo chupa ndogo hudumu sana. Vaa glavu, kwani imetengenezwa kutokana na benzidini, na benzidini husababisha saratani.

Ya pili ni iodini. Wataalamu hutumia myeyusho wa Melzer, lakini una klorali hidrati, dawa ya usingizi inayodhibitiwa katika nchi nyingi, kwa hiyo kuupata ni kazi. Chukua Lugol, iodini ileile ya kupimia wanga shuleni. Ukiwa na uyoga wa jenasi ya Russula wa misitu ya miombo, vinundu vya spora vitageuka bluu iliyokolea karibu na nyeusi, na hapo umeshapunguza orodha ya majina kwa kiasi kikubwa. Kwa spora zinazopaswa kugeuka kahawia-nyekundu zikitiwa iodini, Lugol haiaminiki kama Melzer. Na kama kipande kilipitia potasiamu, kisuuze vizuri kwanza. Alkali hiyo huiua iodini.

Floksini ni ya tatu: hupaka waridi ndani ya seli na hukubaliana na potasiamu, hivyo inafaa kwa vielelezo vya zamani. Laktofenoli yenye bluu ya pamba naiweka mwisho. Maabara za hospitali huitumia kwa kuvu wa ukungu, ila kwa uyoga msaada wake ni mdogo, na fenoli yake huunguza ngozi.