Kishikwambi kilinipotezea miraba miwili: uzoefu wangu na vitabu vya tarizi

Kwa miaka kadhaa nilisoma vitabu vya tarizi kwenye kishikwambi tu. Sikuona haja ya rafu. Ensaiklopidia ya kazi za sindano ya Thérèse de Dillmont ya mwaka 1886, kwa mfano, inapatikana bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, kwa sababu hakimiliki yake imekwisha muda. Unaandika jina la mshono, na kufumba na kufumbua umeoneshwa kila ukurasa unaoutaja. Kwa kazi ya kutafuta, karatasi haioni ndani.

Shida ilianza nilipotoka kwenye kusoma nikashika sindano.

Nilipakua kitabu kingine cha zamani, chenye ua kubwa lililochorwa kwa miraba ya kuhesabia mishono, kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Nilihesabu miraba 46 kwa upana, nikaanza kutarizi. Wiki mbili baadaye petali za kushoto na za kulia zikakataa kukutana. Nililaumu macho, nikalaumu kitambaa. Nilipoazima nakala ya karatasi maktaba ndipo nikaona: miraba ni 48. Safu mbili zilikuwa zimezama pale kurasa zinapoungana kwenye jalidi, na aliyeskani hakukifungua kitabu vya kutosha. Nilifumua karibu kazi yote.

Nakala ile ya maktaba ilikuwa na bahasha nyuma ya jalada, ndani yake patani zilizokunjwa, za ukubwa halisi. Kwenye faili hazikuwemo kabisa, wala hapakuwa na neno la kusema zimeachwa. Pembeni mwa ukurasa mmoja mtu aliandika kwa penseli: "nyuzi mbili, si tatu." Nikajaribu zote mbili. Alikuwa sahihi, kwa nyuzi tatu jani linavimba.

Ila karatasi nayo ina maradhi yake. Vitabu vingi vya nusu ya pili ya karne ya 19 vilichapwa kwenye karatasi ya mbao yenye asidi, na nakala niliyokuja kununua mwenyewe inamomonyoka pembeni kama jani kavu. Kila nikiifungua, vumbi la njano linabaki mezani. Kwa hiyo nimeiskani mwenyewe, kwa nukta 600 kwa inchi, maana kwa 300 nyuzi za kwenye picha zinageuka ukungu. Kando ya kila mchoro niliweka rula, ili ukubwa halisi ujulikane, na patani nikazikunjua zote. Nimehifadhi kwa PDF/A, aina ya PDF ya kutunza faili kwa muda mrefu, nakala tatu, sehemu tatu.

Vitabu pepe vya kununua sivitegemei tena kwa utafiti. Mara nyingi unacholipia ni leseni, yaani ruhusa ya kusoma, si kitabu chenyewe. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, iliwarudishia wateja fedha, lakini vitabu vyenyewe vikatoweka. Mtarizi mwenye maelezo yake pembeni mwa kurasa arudishiwe fedha akazifanyie nini?

Sasa kishikwambi nakitumia kutafutia. Nikishapata mchoro, naufuata kwenye karatasi, nahesabu miraba kwa ncha ya sindano, kisha nahesabu tena kuanzia upande wa pili. Kitabu kinachomomonyoka kimelala kwenye boksi lisilo na asidi. Nakifungua tu pale hesabu ya skani yangu inaponitia shaka, na hilo limeshatokea mara mbili.